Hedifoni Zinazojua Mambo

Nilianza kusikia kipanya kikitembea. Sisemi panya wa darini. Nasema kile cha plastiki kinachokaa juu ya meza. Nikikisogeza kushoto, masikioni panapita krrr nyembamba. Nikikirudisha kulia, krrr nayo inarudi. Nikikiacha kitulie, hedifoni zinabaki na shiii ya chini chini, ile ya redio iliyopoteza stesheni. Na nikizungusha gurudumu lake ili kuteremsha ukurasa mrefu, sauti inapanda na kushuka kwa mpangilio wa kupendeza kabisa, hata siku ya kwanza sikutafuta tatizo. Nilikaa najaribu kupiga wimbo. Ukurasa wenye picha nyingi unatoa noti za juu. Ukurasa wa maandishi matupu hauna kipaji.

Ningeweza kuishi na muziki huo kama kazi yangu isingekuwa ya masikio. Nasikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuviandika neno kwa neno, na sisi tukikataa jambo tunalikataa mwanzoni mwa kitenzi, kwa silabi moja nyepesi. Krrr ikipita juu ya "ha", basi "hatutalipa" inakuwa "tutalipa", na mwenyekiti wa watu anageuka mdaiwa kwa sababu ya kipanya changu.

Nikaanza na jambo rahisi ambalo watu wengi huliruka: nilizichomeka hedifoni kwenye simu. Safi, hakuna hata chembe ya kelele. Kwa hiyo hedifoni hazina kosa, waya hauna kosa, na masikio yangu ni mazima. Mgonjwa ni kompyuta. Nilipata amani ya moyo, nayo ikadumu mpaka Shemeji alipoingia.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Walikuwa wamekuja kutusalimia, na salamu zilikuwa zimenoga. Ni mtu mwema, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kusaidia, na balaa linaanzia hapo hapo kwenye mkono.

"Hicho ni kirusi," alisema kabla hajaketi.

"Kirusi kinachofuata kipanya, Shemeji?"

"Ndivyo vilivyo siku hizi."

Akazivaa hedifoni. Mtu akizibwa masikio hupoteza kipimo cha sauti yake mwenyewe, na Shemeji hata masikio yakiwa wazi kipimo hicho hana. "MBONA NASIKIA VIZURI TU?" Nikasogeza kipanya. Macho yakamtoka. "AAH! NAMSIKIA! ANAPITA! SASA YUKO UPANDE WA KULIA! KUMBE NI MKUBWA HIVI!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, dada akaingia na ufagio, nyuma yake mama na kandambili mkononi. "Yuko wapi? Ameingia chini ya kitanda?" Ilituchukua muda kueleza ni kipanya gani, na hata baada ya maelezo mama aliinama akachungulia chini ya kitanda, kwa usalama.

Kirusi hakikuonekana. Tukaiondoa programu inayoendesha kadi ya sauti, tukaiweka upya. Krrr. Tukabadilisha kiwango cha sampuli, yaani mara ngapi sauti inapimwa, kutoka 44,100 kwa sekunde hadi 48,000. Krrr ile ile, labda sasa yenye ubora zaidi. Nikatoka kwenda kunywa maji. Shemeji akabaki peke yake mbele ya kompyuta, dirisha la mipangilio ya sauti likiwa wazi. Alichokifanya humo nilikuja kukijua baadaye. Niliporudi alikuwa amekunja mikono kifuani, ameridhika.

"Nimepitia kila kitu," alisema.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kulishuku tundu lenyewe. Hedifoni zangu zilikuwa zimechomekwa mbele ya kasha la kompyuta, mahali rahisi pa mkono kufika. Lakini tundu la mbele si mwanzo wa sauti. Kadi ya sauti imo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, upande wa nyuma, na kutoka huko kuna kawaya kembamba kanakosafiri ndani ya kasha zima, mara nyingi kakipita chini kabisa ya kadi ya picha, ndipo kafike mbele. Na humo ndani hakuna utulivu. Ukisogeza kipanya, prosesa inaamka, kadi ya picha inachora upya, umeme unaovutwa unapanda na kushuka ghafla, na vurugu hiyo inavuja mpaka kwenye kawaya ka sauti ambako mara nyingi hakana kinga ya maana. Hedifoni nyepesi kuendeshwa, zile za ukinzani mdogo wa umeme, omu 16 au 32, hazifichi kitu. Zinakuletea habari zote za ndani ya kasha. Kwa hiyo nilikuwa kweli nasikia kipanya, ila kwa kupitia umbea wa kadi ya picha.

Dawa yake ni kuhamia tundu la nyuma, lililo kwenye mazabodi yenyewe. Wapo wanaonunua kadi ya sauti ya nje ya USB, nayo husaidia sana, maana sauti inatengenezwa mbali na ile vurugu. Lakini tundu la nyuma ni la bure. Gharama yake ni kuingia chini ya meza, na Shemeji hakutaka kusikia kwamba mimi ndiye niingie.

"Kaa hapo uangalie skrini," akaniambia, akaweka tochi mdomoni, akapiga magoti.

Chini ya meza yangu kuna waya ambazo hata mimi sijui zinakwenda wapi. Zimekuwepo kabla yangu. Nikamwelekeza kwa juu: nyuma ya kasha kuna matundu matatu ya rangi, la kijani ni la kutoa sauti, la waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Wewe tafuta la kijani. Akaitikia kitu ambacho, kwa sababu ya tochi mdomoni, kilisikika "Ngijani." Kisha nikasikia goti likikanyaga swichi ya eksitensheni.

Skrini ikawa nyeusi. Feni ya kompyuta ikashusha pumzi ya mwisho. Kikao chote nilichokuwa nimekiandika tangu asubuhi, pamoja na ajenda na mengineyo, kikaondoka nayo. Na katika kimya hicho, kutoka chini ya meza, ikaja sauti yenye furaha isiyo kifani:

"Shemeji! Imeacha! Kelele zimekwisha kabisa!"

Sikumjibu. Kuna wakati mdomo ukifunguka undugu unavunjika.

Tulipowasha tena, pini ilikuwa kwenye kijani, na lazima nimpe mtu haki yake: kipanya kilinyamaza. Nilikizungusha, nikakikimbiza meza nzima, nikateremsha ukurasa wenye picha nyingi kuliko zote. Bubu. Shemeji akatoka chini na utando wa buibui umemkaa kwenye paji la uso, akaongeza kwa unyenyekevu wa fundi aliyezidisha kuliko alivyoagizwa: "Na kuna waya mwingine ulikuwa umelala tu bila kazi. Nao nimeuchomeka."

Nilikuwa na furaha mno ya kipanya kuuliza waya gani, na umechomekwa wapi. Nilichogundua tu ni kwamba ile shiii, badala ya kupungua, ilikuwa imenenepa.

"Hiyo ni hewa," Shemeji alisema.

Alitoka, akaisahau simu yake mezani. Ni simu ya vitufe, ya zamani, isiyokufa, nayo ilikuwa imelala juu ya waya wa hedifoni zangu. Nikiwa nakiandika upya kile kikao, ghafla masikioni: di-di-dit, di-di-dit, di-di-dit. Hiyo niliijua. Simu za 2G, zile za kizazi cha pili cha mtandao, hazirushi mawimbi mfululizo. Zinayarusha kwa mafungu, kama 217 kwa sekunde, na waya wowote wa sauti ulio karibu unageuka antena ukayanasa. Simu ikianza kuzungumza na mnara, hedifoni zinasikia kabla kengele haijalia.

"Shemeji!" niliita. "Njoo, kuna mtu anakupigia."

Akaja, akaichukua. "Haijaita."

Ikaita mkononi mwake.

Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akapokea, akazungumza kwa kifupi, akairudisha mezani taratibu, pale pale ilipokuwa. Nadhani alikuwa anafanya utafiti. Baada ya muda, di-di-dit. "Inaita tena," nikasema bila kuinua kichwa. Ikaita tena. Shemeji akaichukua simu yake, akaitia mfukoni, akatoka bila utani, jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kushuhudiwa. Nilikusudia kumweleza habari za mawimbi, lakini nilikuwa nadaiwa kikao.

Usiku nikiwa bado naandika, nyumba imetulia, nilisimamisha rekodi ili nijinyooshe. Hapo ndipo mtu alipoongea ndani ya ile shiii.

"...tena chumba chenyewe ndicho kikubwa..."

Nikazivua hedifoni. Kimya. Nikazivaa. "...na ana feni peke yake..." Nikatazama skrini: rekodi imesimama. Nikafunga kila dirisha lililokuwa wazi. Sauti ikakohoa. Nywele za mikono zilinisimama. Na kwa muda ambao sitautaja niliamini kuwa ndani ya kompyuta hiyo amezikwa mtu. Kisha mzimu ukacheka, na kicheko hicho nilikijua vizuri.

"Kesho nitamwomba aniachie hiyo kompyuta kutwa nzima," mzimu ulisema. "Nitamwambia nina barua ya kuandika."

"Atakubali?" Hiyo ilikuwa sauti ya dada yangu.

"Atakubali tu. Nitaanza kwa kumsifia kazi yake. Yule ukimsifia, amekwisha."

Nikafungua mipangilio ya sauti. Shemeji alikuwa kweli amepitia kila kitu. Palipokuwa na kisanduku, aliweka tiki; kwake kisanduku kitupu ni kazi ambayo haijamalizika. Kwenye kurasa za maikrofoni kipo kimoja kinachoiagiza kompyuta ikusikilizishe papo hapo chochote maiki inachosikia. Tiki. Jirani yake ipo mizani ya kuikuzia maiki nguvu, nayo aliisukuma mpaka mwisho, desibeli 30, maana yake volti za maiki zinazidishwa mara 31 na ushee. Kwa ukuzaji huo, hata maiki isiposikia kitu itakuletea shiii yake yenyewe, na hiyo ndiyo "hewa" niliyouziwa. Na ule waya uliokuwa umelala bila kazi ulikuwa wa maikrofoni yangu ya zamani, iliyodondoka nyuma ya meza siku nyingi. Pini yake ni ya waridi. Shemeji aliona tundu la waridi, akawaoza. Kichwa cha maikrofoni kilikuwa kimelala sakafuni, kimeelekea uwazi ulio chini ya mlango, na mlango unatazamana na chumba cha wageni.

Nikapeleka mshale mpaka kwenye kile kisanduku ili niondoe tiki. Nikaupumzisha hapo kidogo. Kidogo tu.

"Ngoja nikamwombe sasa hivi kabla hajalala," mzimu ukasema. Kitanda kikalia. Kandambili zikaanza safari: pa, pa, pa, zikikua kila hatua, mpaka mara mbili za mwisho nikazisikia ndani ya hedifoni na nje ya hedifoni kwa pamoja.

"Hodi, Shemeji."

"Karibu," nilisema, mgongo umemwelekea, hedifoni zimenikaa sawasawa. "Barua yako utaiandika keshokutwa. Kesho kutwa nzima nina kazi. Na asante kwa sifa ulizokuwa unataka kunipa."

Hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mdomo uko tayari kwa neno la kwanza la kunisifia, neno lenyewe limekatalia ndani. Akapiga hatua moja mbele, nadhani ili aone usoni kwangu, akauegemea ukingo wa meza pale unapopita waya. Na Mungu shahidi, sikupanga: di-di-dit, di-di-dit.

"Pokea," nikamwambia.

"Nipokee nini?"

Mfuko wa suruali yake ukaita.

Shemeji hakugeuka. Alitoka kinyumenyume, mkono mmoja unapapasa mlango, simu inalia bila kupokelewa mpaka chumba cha wageni. Nilimfuatilia kwa hedifoni. Nilisikia mlango ukifungwa, komeo likisukumwa, kisha dada akiuliza, "Amekataa?" Hakukuwa na jibu. Kulikuwa na mchakacho wa nguo tu.

Hapo nikaondoa tiki, nikaishusha mizani ya maiki hadi sifuri, nikaingia chini ya meza na kuichomoa pini ya waridi, kwa tahadhari kubwa ya magoti. Shiii ikatoweka. Rekodi ikawa safi hivi kwamba nilimsikia katibu wa kikao akifungua biskuti chini ya meza wakati wa taarifa ya fedha, na kila "ha" ilikuwa mahali pake. Waligoma kulipa, wote kwa pamoja, waziwazi.

Asubuhi dada alinivizia mlangoni, safari hii hana ufagio.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Kwani ana nini?"

"Simu ameivingirisha kwenye sweta akaitia chini kabisa ya begi. Na tangu usiku ananiongelesha kwa ishara. Nikimuuliza kwa sauti, ananiziba mdomo na kunyoosha kidole chumbani kwako."