Kidonda cha Shangazi kiko anapokanyaga

Juzi usiku binamu yangu alituma kwenye kundi la familia tangazo la chupa ndogo ya eksosomu, akauliza tuchange shilingi ngapi ili Shangazi apone mguu. Sikupata usingizi. Donda ndugu lile la kisukari liko chini ya unyayo wake wa kulia, limeingia mwezi wa saba sasa.

Sayansi yenyewe ipo, sikatai. Eksosomu ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 ambavyo seli huvitoa vikiwa na protini na vipande vya RNA, yaani maagizo ya kazi ya seli, na seli nyingine zikivipokea hubadili mwenendo. Miaka ya 1980, Rose Johnstone na wenzake kule Montreal walipoviona kwenye chembe changa za damu ya kondoo, vilidhaniwa ni njia ya seli kutupa taka. Leo watafiti wanachukua vile vya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, za kamba ya kitovu au za mafuta ya mwili, wanavitia kwenye vidonda vya panya wenye kisukari, na mishipa midogo ya damu inachipua, kidonda kinafunga mapema. Siku vikithibitishwa kwa binadamu, nitampeleka Shangazi mwenyewe.

Lakini ngozi ya panya ni legevu, kidonda chake hufunga zaidi kwa kingo kuvutana. Tena kidonda cha panya wa maabara kwa kawaida kiko mgongoni. Cha Shangazi kiko pale anapokanyaga!

Hapo ndipo roho inaponiuma. Shangazi hupika vitumbua, anasimama tangu alfajiri, na kandambili zake zimelika hadi zimekuwa kama karatasi. Miguu ina ganzi. Mwaka jana alishinda na msumari ndani ya kiatu, tukaujua jioni soksi ilipolowa damu. Mtu asiyesikia maumivu hachechemei, kwa hiyo kila hatua inakisaga kidonda kile kile. Utamwekea nini hapo kipone? Ngozi inayojengwa usiku, mchana inabomolewa na uzito wake mwenyewe. Kwenye zahanati aliyoanzia walimbadilishia bandeji wiki baada ya wiki, na hakuna aliyemwambia asikanyage. Miezi mitano! Alipofika kliniki ya miguu, muuguzi aliondoa nyama iliyokufa, akapapasa mapigo ya damu juu ya wayo, kisha akauliza, "Mama, unatembelea nini?" Nilitaka kulia. Walimfunga POP, ile plasta ngumu, ya kupunguza mgandamizo, wakamrekebishia dawa za sukari, na kwa mara ya kwanza kidonda kimeanza kuota nyama mpya nyekundu.

Kuhusu usalama, Desemba 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya umma baada ya wagonjwa kule Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Mimi simwekei Shangazi kitu cha namna hiyo kwenye mguu ambao tumeuokoa kwa shida.

Binamu, usinikasirikie, najua unampenda. Pesa uliyotuma ninayo, itanunua viatu maalumu POP ikitoka, na vipimio vya sukari. Alhamisi ni siku ya kliniki. Njoo na gari saa kumi na mbili asubuhi, ulisogeze hadi mlangoni, maana hatakiwi kutembea mpaka stendi.