Cinque Terre: ulale kijijini au ng'ambo ya handaki?

Mtu akianza kupanga safari ya Cinque Terre, kule pwani ya Liguria kaskazini mwa Italia, swali la kwanza huwa la picha: kipi kizuri zaidi, Vernazza au Manarola? Sioni haja ya kulikesha swali hilo. Vijiji viko vitano, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, na treni hutoka kimoja hadi kingine kwa dakika chache, karibu njia nzima ikipita ndani ya mahandaki. Mwenye miguu yake ataviona vyote. Kinachobadilisha safari ni mahali pa kulala: kijijini kwenyewe, au nje kidogo, katika mji wa La Spezia mwisho mmoja wa reli au Levanto mwisho wa pili, miji ya kawaida ambayo hakuna anayetuma postikadi zake.

Wanaotetea kulala kijijini wana hoja nzito. Wageni wengi wa pale ni wa kutwa. Meli kubwa za kitalii hufunga La Spezia, makundi mengine hutoka Florence na Pisa, na wakati wa kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri kukatika, vichochoro vya Vernazza havipitiki. Mgeni wa namna hiyo hula kipande cha focaccia, mkate bapa wa huko, akiwa amesimama, hununua sumaku ya kubandika kwenye friji, huacha chupa tupu, kisha huyo, keshaondoka. Anayelala hula chakula cha usiku, hunywa kahawa asubuhi, na huipata ile saa ambayo bandari ya Manarola imebaki na wavuvi na paka. Kwa nafsi yake amefaidi, na kwa kijiji ameacha pesa zaidi.

Hadi hapo hoja inakwenda vizuri. Inapokwama ni kwenye kitanda.

Wakazi wa vijiji vyote vitano kwa pamoja hawafiki elfu tano, na nyumba zao zimebanwa kati ya mlima na bahari. Tangu 1999 eneo lote ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo si mahali pa kuinua hoteli mpya. Kitanda cha mgeni basi ni kitanda kilichokuwa cha mtu: chumba cha bibi aliyefariki, au nyumba ambayo kijana aliyeoa mwaka jana angeipanga. Mwenye nyumba hana kosa, maana wiki moja ya Agosti humlipa kuliko mwezi mzima wa mpangaji. Lakini yule kijana huhamia mjini, na akihama yeye, mlima unapoteza mikono.

Mikono hiyo ndiyo iliyoutengeneza uzuri wenyewe. UNESCO ilipoiorodhesha Cinque Terre kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, haikufuata rangi za nyumba tu. Ilitazama matuta: mteremko uliochongwa ngazi kwa ngazi kwa karne nyingi, kila ngazi ikizuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, ili mizabibu ipate udongo wa kushika. Ukuta wa namna hiyo huomba kuangaliwa kila mwaka. Jiwe likitoka lirudishwe, mfereji ukiziba uzibuliwe. Leo mizabibu inayolimwa imebaki sehemu ndogo ya ile ya zamani, na tuta lililoachwa huota vichaka, hufura, kisha hushuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilizika barabara kuu ya Vernazza kwa matope ya mita kadhaa, Monterosso nayo ikaharibika vibaya, na watu walikufa. Mvua ya siku ile ingeitisha milima yoyote, kwa hiyo si haki kuitwika mizabibu iliyotelekezwa lawama yote, ila haikusaidia. Mwaka uliofuata mawe yaliwaangukia watalii kwenye Via dell'Amore, njia ya mapenzi kati ya Riomaggiore na Manarola, ikafungwa. Ilifunguliwa tena 2024, sasa kwa tiketi ya kulipia yenye saa yake.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba kulala kijijini peke yake kunamfanya mtu kuwa mgeni mwema. Pesa inayofika ukutani ni ile inayomfikia mkulima. Sciacchetrà, divai tamu ya huko, ni ghali kwa sababu zabibu huanikwa mpaka zisinyae, na mzigo mkubwa hutoa chupa chache. Huvunwa kwa mkono, na mahali pengine hushushwa kwa kireli kimoja chembamba ambacho mtu mwenye kizunguzungu asikitazame. Asiyekunywa divai anunue dagaa wa Monterosso waliotiwa chumvi.

Kwa msafiri wa kwetu kuna hesabu nyingine ambayo Mwitaliano haijui. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya huomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: euro 90 zisizorudishwa hata ukinyimwa, bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Chumba cha kijijini mara nyingi hudai malipo mapema na kughairi ni vita, ilhali hoteli nyingi za mjini hukuruhusu kughairi bila kukatwa. Kulipia chumba cha Vernazza kabla ya viza kugongwa ni kucheza kamari.

Na kulala nje hakukunyimi mengi. Riomaggiore ni kama dakika 10 kutoka La Spezia, Monterosso kama 5 kutoka Levanto, na kadi ya siku ya hifadhi yenye treni hukupandisha kati ya miji hiyo miwili mara nyingi upendavyo, pamoja na njia za miguu za kulipia, isipokuwa Via dell'Amore yenye tiketi yake. Kadi hiyo hiyo hukupandisha basi dogo la Corniglia, kijiji pekee kilicho juu ya jabali, ila basi halikungoji: likikuacha, kutoka stesheni kuna ngazi 382. Kandambili ziache hotelini, maana huko milimani zinaweza kukupatia faini.

Ningekuwa napanga ya Julai au Agosti, ningelala Levanto safari nzima na kuingia vijijini kwa treni za alfajiri. Ya mwishoni mwa Septemba, wakati wa mavuno, ningechukua Levanto siku tatu, kisha usiku mmoja wa katikati ya wiki Manarola, kwa mwenyeji anayeishi ghorofa ya chini ya nyumba hiyo hiyo, nikiwa na begi la mgongoni tu.