Mnyororo haumfundishi mbwa ulinzi

Juzi nimemkuta mbwa aina ya Rottweiler wa miezi 8 kwenye mnyororo mfupi, shingo imechubuka mpaka manyoya yamekatika. Mwenyewe akaniambia kwa fahari, "Mchana namfunga, usiku awe mkali." Nimelala na kauli hiyo siku mbili.

Yule si mkali, ana hofu. Nilipoinama alirudi nyuma kwanza, mkia kaubana, ndipo akabweka. Mbwa wa hivyo ukimfungulia usiku hachagui: atamrukia mwizi, na atamrukia pia mwanao aliyetoka kufuata mpira, kwa sababu hakuna aliyemzoesha watu. Mlinzi mzuri ni yule anayeyajua ya kila siku. Ameshaona wageni, watoto, pikipiki na miavuli, kwa hiyo likija lisilo la kawaida analijua papo hapo. Mazoea hayo hujengeka hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Aliyeupitisha umri huo amefungwa peke yake, kumrekebisha baadaye ni kazi ngumu sana.

Tena huyu ni mbwa wa kazi. Wazee wake walikuwa wakiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji wa Rottweil, Ujerumani, na mwaka 1910 wakatambuliwa rasmi huko kuwa mbwa wa polisi. Wakati wote alikuwa ubavuni mwa mtu. Leo unampa nguzo na bakuli!

Haya, nyumba nyingine hazina uzio, na dume wa kilo 50 haachwi azurure. Basi mjengee banda la nafasi, mtembeze asubuhi na jioni. Huwezi? Usimfuge.

Lishe nayo: usimnenepeshe haraka angali mdogo, wala usimwongezee kalsiamu bila daktari wa mifugo, utamharibia mifupa na nyonga. Mkubwa mgawie milo 2, na akishashiba mwache apumzike. Tumbo likijaa gesi likajipinda, anaweza kufa ndani ya saa chache. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, usiicheleweshe.

Wangu aliishi miaka 9 bila mnyororo. Usiku mmoja mtu alipanda ukuta wetu. Alibweka mara mbili tu, kwa ile sauti nzito ya kifuani, akasimama kati yangu na ukuta hadi mtu yule akashuka alikotoka. Asubuhi fundi bomba alipoingia, alimnusa viatu, akarudi kulala mlangoni.