Panya hazai kama binadamu

Kijinyama chembamba kama njiti ya kiberiti, kilichokatwa ukingoni mwa jeraha la upasuaji kwa ridhaa ya mama anayejifungua, hutundikwa ndani ya maji ya chumvi na sukari yenye joto la nyuzi 37. Kwa muda hakifanyi lolote. Kisha huanza kukaza, kulegea, na kukaza tena, bila mshipa wa fahamu wala ubongo kukiamuru. Huo ni msuli wa uterasi, yaani mji wa mimba, na kwa njia hiyo watafiti huchunguza uchungu wa uzazi unavyoanza.

Wanaoubeza utafiti huu wana hoja. Kijinyama hicho kimetengwa na mwili. Mara nyingi hutoka sehemu ya chini ya uterasi, palipopasuliwa, wakati nguvu kubwa ya kusukuma iko juu. Tena hupatikana mimba ikiwa imefika mwisho; nani atamkata mjamzito wa wiki 20? Panya humaliza mimba yake kwa wiki tatu tu, na kila hatua inachunguzika.

Haya, tuangalie projesteroni, homoni inayoutuliza msuli huo. Kwa panya, kiwango chake katika damu huporomoka, ndipo uchungu ufuate. Kwa binadamu hakiporomoki. Hubaki juu mpaka kondo la nyuma litoke. Yaani mwanamke huingia kwenye uchungu huku homoni ya kumtuliza imejaa tele. Inaelekea msuli wenyewe huacha kuitii, kwa kubadilisha vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni, na badiliko hilo huwezi kulisoma kwa kupima damu. Lazima uushike msuli, na uwe wa binadamu.

Ninalikazania hili kwa sababu watoto njiti wapatao milioni 13.4 walizaliwa mwaka 2020, na dawa bado ni haba. Marekani iliidhinisha sindano ya projesteroni ya kutengenezwa mwaka 2011, ikaondoa kibali mwaka 2023 baada ya jaribio kubwa kutoonyesha faida. Simtwishi panya lawama zote za hapo, ila tulikuwa tunajaribu kuongeza kitu ambacho mama hakupungukiwa.

Upande wa mishipa ya damu ni hivyohivyo. Katika mimba yenye afya, seli za kondo huingia kwenye ateri ndogo za uterasi na kuondoa misuli ya kuta zake, ateri zikabaki wazi, haziwezi tena kujibana. Kazi hiyo ikiishia njiani, mara nyingi hufuata shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Panya wa kawaida hapati ugonjwa huo. Hulazimika kufanywa augue.

Mnyama ana heshima yake, nakiri. Daktari Liggins wa New Zealand alitafuta kwa kondoo kinachoanzisha uchungu, akakuta ni kotisoli, homoni ya kijusi chenyewe. Kwa binadamu mambo hayaendi hivyo. Lakini wanakondoo wake waliozaliwa mapema kwa homoni za aina hiyo walipumua vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Howie wakachapisha jaribio la sindano ya kukomaza mapafu ya njiti. Jaribio hilo lilifanywa kwa wanawake.