Acheni Kumsingizia Mkusanya Taka

Seva ya Java ikianza kusuasua, mshtakiwa hupatikana kabla hata kesi haijafunguliwa: mkusanya taka, yaani sehemu ya Java inayoondoa kwenye kumbukumbu data isiyotumika tena. Mmoja atapandisha -Xmx, kikomo cha hipu (kumbukumbu zinamokaa objekti, yaani data za programu), kutoka GB 4 hadi GB 8. Mwingine atabandika msururu wa vigezo alivyovinakili mahali, nusu yake hajui vina kazi gani. Seva itazimwa na kuwashwa upya, grafu itashuka, watu watashusha pumzi. Siku si nyingi tatizo linarudi, na safari hii kila kusimama kunachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa objekti za kupitia zimekuwa maradufu.

Msimamo wangu ni kwamba mkusanya taka, mara nyingi kuliko tunavyokubali, ni shahidi wa tukio, si mhalifu. Kazi yake ni nyepesi kuielezea. Anaanzia kwenye mizizi, yaani vigeu vilivyo kwenye staki za thredi (kumbukumbu ya kila mkondo wa kazi unaoendelea), vigeu tuli vya klasi (vinavyodumu programu ikiendelea) na vingine vichache. Kutoka hapo anafuata kila rejeleo, na chochote anachokifikia anakihesabu kuwa hai. Asichokifikia ndiyo taka. Hana namna ya kujua kuwa orodha ya wateja uliyoitia kwenye HashMap (ramani ya data) tuli haina tena anayeihitaji. Madhali imeshikwa, kwake iko hai. Kumlaumu kwa kutoifuta ni sawa na kumlaumu mzoa taka kwa magunia uliyoyafungia chumbani mwako.

Tatizo linaanzia kwenye grafu tunazozitazama. Mifumo mingi ya ufuatiliaji huchora kumbukumbu iliyotumika kwenye hipu, halafu mtu anaweka kengele ilie ikifika asilimia 80. Kengele hiyo ni kelele tu. JVM, mashine pepe inayoendesha programu za Java, huacha hipu ijae kwa makusudi, kwa sababu kukusanya mapema ni kupoteza nguvu za prosesa bure. Grafu yenye meno ya msumeno, inayopanda ikashuka ikapanda tena, ni grafu ya seva yenye afya. Namba ninayoitafuta mimi ni nyingine: baada ya ukusanyaji mkubwa kumalizika, kimebaki kiasi gani? Hicho ndicho kiasi cha data iliyo hai kweli, na njia rahisi ya kukipata ni kusoma logi ya mkusanya taka.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wenzangu. Tangu Java 9 logi hiyo inawashwa kwa kigezo kimoja, -Xlog:gc*, unaielekeza kwenye faili na umemaliza. Gharama yake kwa seva ni ndogo mno. Hata hivyo utakuta seva zinazohudumia umma mzima zikiendeshwa bila logi hiyo, na siku ya tatizo timu nzima inakisia. Mstari kama huu unamaliza ubishi mwingi:

Pause Full (G1 Compaction Pause) 4010M->3962M(4096M) 5843.120ms

Soma namba tu. Hipu ilikuwa na MB 4010, mkusanya taka akaisimamisha programu nzima kwa karibu sekunde 6, akafagia kila pembe, akatoka na MB 48. Amefanya kazi yote aliyoagizwa, ila hakukuta taka.

Ukishakuwa na mistari ya namna hiyo ya saa kadhaa, unatazama sakafu: kile kinachobaki kila baada ya ukusanyaji mkubwa. Sakafu ikipanda mfululizo hadi ikakutana na dari, kuna uvujaji, na kuongeza hipu ni kuahirisha tu. Sakafu ikiwa tambarare lakini iko juu sana, programu yako inahitaji kumbukumbu hiyo kihalali. Ongeza, na usione haya. Na sakafu ikiwa chini huku ukusanyaji ukifanyika mara kwa mara kama mvua ya vuli, basi kuna sehemu inayotengeneza objekti kwa fujo. Kwenye seva za wavuti, mara nyingi ni ukurasa unaosoma jedwali zima kutoka hifadhidata bila kuweka kikomo cha safu, au ripoti inayojengwa yote ndani ya String (maandishi) moja kabla ya kutumwa.

Uvujaji ndio unaostahili muda wako mwingi, na kwenye seva za wavuti una sura zake zinazojirudia. Ya kwanza ni kashe (hifadhi ya muda ya data inayohitajika mara kwa mara) iliyotengenezwa kienyeji: ramani tuli, inaongezwa kila siku, haina kikomo wala muda wa kuisha. Kashe isiyotoa kitu si kashe, ni ghala. Maktaba kama Caffeine ipo, ina kikomo cha idadi na cha muda, sioni sababu ya mtu kujitengenezea yake.

Ya pili ni sesheni, data ambayo seva humwekea kila mgeni. Kwenye Tomcat, seva ya wavuti ya Java, sesheni huishi dakika 30 tangu ilipoguswa mara ya mwisho, isipokuwa ubadilishe. Sasa fikiria roboti za injini za utafutaji, ambazo kwa kawaida hazirudishi vidakuzi. Kila ombi lake linaweza kufungua sesheni mpya, na kama msanidi ameweka humo objekti nzito, kurasa elfu chache zilizotembelewa na roboti zinatosha kuishusha seva isiyo na mtumiaji hata mmoja. Tomcat ina hata kipengele maalumu cha balaa hili, CrawlerSessionManagerValve, lakini ni wachache ninaokutana nao wanaolifahamu jina hilo.

Ya tatu ni ThreadLocal, kigeu ambacho kila thredi huwa na nakala yake, na hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote. Kwenye programu ndogo thredi hufa na kilichomo hufa nayo. Kwenye seva, thredi hukaa kwenye bwawa na kutumika tena na tena. Tomcat kwa kawaida huruhusu hadi 200. Usipoita remove() mwishoni mwa ombi, kila thredi inabaki na mzigo wa ombi lililopita. Ukija kuondoa programu na kuweka toleo jipya bila kuizima seva, rejeleo hilo moja linaweza kuishikilia klasi, klasi ikamshikilia kipakiaji aliyeiingiza kwenye JVM, na kipakiaji akazishikilia klasi zote za toleo la zamani. Zamani hilo lilikuwa linajionyesha kwa kishindo kwenye PermGen, sehemu ya kumbukumbu zilimokaa taarifa za klasi. Java 8, mwaka 2014, iliiondoa PermGen na kuweka Metaspace, ambayo iko nje ya hipu na kwa kawaida haina kikomo. Watu walishangilia kwamba kosa limetoweka. Uvujaji ulibaki palepale, sasa unakua kimyakimya mpaka mashine yenyewe iishiwe.

Kumjua mshikaji kunahitaji picha ya hipu, yaani faili lenye nakala ya kilichomo, na ndiyo maana tabia ya kuwasha upya kwanza na kuuliza baadaye inaniudhi. Ukizima, ushahidi umekwenda na maji. Amri ya jcmd, zana inayokuja na JDK, yenye GC.heap_dump inakupa picha hiyo kabla hujaigusa seva, kisha washa upya utakavyo. Kuna tahadhari tatu. Programu itasimama wakati picha ikiandikwa. Faili linaweza kulingana na data yote iliyo kwenye hipu, kwa hiyo hakikisha diski ina nafasi. Na ndani yake mna nywila, tokeni na taarifa za watumiaji kama zilivyo, kwa hiyo usilitume ovyo kwenye kikundi cha timu.

Fungua faili hilo kwa Eclipse Memory Analyzer, na usihangaike na orodha ya klasi zenye objekti nyingi. Kileleni utakuta byte[] na String, kama ilivyo kwenye karibu kila programu ya Java duniani, na hilo halikuambii kitu. Nenda kwenye mti wa watawala (Dominator Tree), unaoonyesha ni objekti ipi ikiachiwa itaachilia kumbukumbu kiasi gani. Ukiona objekti moja imekalia robo tatu ya hipu, fuata njia yake hadi kwenye mzizi. Mara nyingi jina la klasi utakalolikuta njiani ni la mradi wako mwenyewe.

Kuna aina ya kifo ambayo hata haya yote hayaisaidii: kontena (kisanduku cha kuendeshea programu chenye kikomo chake cha kumbukumbu) linatoweka, msimbo wa kutoka ni 137, logi ya Java haina hata neno. Huyo si mkusanya taka wala si JVM. Ni kerneli ya Linux iliyoua mchakato kwa kuvuka kikomo cha kumbukumbu, na kwa sababu Java haikupata nafasi ya kulalamika, HeapDumpOnOutOfMemoryError, kigezo cha kuandika picha ya hipu Java ikiishiwa kumbukumbu, haitaacha chochote. Chanzo cha kawaida ni kudhani hipu ndiyo kumbukumbu yote. Staki ya kila thredi kwenye Linux ya biti 64 hutengewa hadi MB 1, kuna Metaspace, kuna bafa za moja kwa moja (zilizo nje ya hipu), kuna msimbo wa mashine uliokwisha kutafsiriwa na JIT, kitafsiri cha JVM. Anayempa -Xmx ya GB 2 mchakato ulio ndani ya kontena la GB 2 amejitegea mwenyewe. Washa NativeMemoryTracking, kisha uliza jcmd kwa VM.native_memory. Utaona mgawanyo wenyewe.

Na makontena yana kichekesho kingine. G1 ndiye mkusanya taka wa kawaida tangu Java 9, kwa hiyo watu wanadhani ndiye wanayemtumia. Lakini kwa miaka mingi JVM, ikijikuta na CPU chini ya 2 au kumbukumbu chini ya takriban MB 1792, imekuwa ikichagua Serial, anayefanya kazi kwa thredi moja. Nimeona mijadala mirefu ya kurekebisha G1 kwenye seva ambazo G1 hakuwamo. Mistari ya mwanzo ya logi ya mkusanya taka (GC) humtaja anayetumika. Uanzie hapo.

Sitadai kwamba mkusanya taka hakosei kamwe. G1 hugawa hipu katika maeneo, na husumbuka na objekti zinazofikia nusu ya eneo moja au zaidi, na seva inayopokea mafaili makubwa kama byte[] itamwona akihangaika. Hipu ikipita takriban GB 32, marejeleo yaliyobanwa kwenye baiti 4 huwa baiti 8, hivyo unaweza kuongeza kumbukumbu ukapata nafasi ndogo. RMI, njia ya Java ya kuita msimbo ulio kwenye JVM nyingine, huweza kuita ukusanyaji kamili kila baada ya saa moja bila kuombwa na mtu. Na pale ambapo shida ni urefu wa kusimama tu, huku sakafu ikiwa imetulia, ZGC, mkusanya taka anayesimamisha programu kwa muda mfupi mno, ni jibu zuri, hasa tangu Java 21 ilipompa vizazi, yaani kutenganisha objekti changa na kongwe. Ila kumleta ZGC kwenye seva inayovuja ni kuivujisha bila kusimama.

Vigezo vyangu kwenye seva mpya ni vichache: -Xmx au MaxRAMPercentage (kikomo hichohicho kwa asilimia ya kumbukumbu iliyopo), logi ya GC yenye kuzungushwa, HeapDumpOnOutOfMemoryError pamoja na njia ya diski yenye nafasi, na ExitOnOutOfMemoryError, kinachozima mchakato kumbukumbu ikiisha. Hicho cha mwisho huwatisha wengi, wanaona heri seva iendelee kuchechemea kuliko kufa. Mimi naona kinyume. OutOfMemoryError humpata yeyote aliyeomba kumbukumbu wakati huo: inaweza kuwa thredi inayorudisha miunganisho ya hifadhidata, au ile inayopokea maombi. Baada ya hapo seva inaitikia ukaguzi wa afya kwamba mzima, na huku nusu ya maombi yananing'inia. Vikiwekwa pamoja, picha ya hipu huandikwa kwanza ndipo mchakato unatoka, na msimamizi wa makontena anaanzisha mwingine safi wakati wewe unafungua faili.