Nani Aliyewaambia Kusi Ina Wastani?

Msimu wa mikutano ya tabianchi haukosi kutuletea ramani ya aina moja. Bahari ya Hindi yote ya magharibi, kuanzia Msumbiji hadi Oman, imepakwa buluu, eti hapa bahari inanyonya hewa ya ukaa. Kisha linafuata lile neno la "pafu la dunia".

Pafu gani? Kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, ikishika kasi kati ya Juni na Septemba, bahari ya Somalia na Oman inatema. Upepo unayasukuma maji ya juu yaondoke pwani, maji baridi ya kilindini yanapanda yakiwa yamejaa kaboni. Meli zilizopima Bahari ya Arabia mwaka 1995 zilikuta shinikizo la hewa ya ukaa majini limepita mikroatmosfia 500 (mikroatmosfia ni sehemu moja ya milioni ya shinikizo la kawaida la hewa), wakati la angani halikufika 360. Hapo hewa inatoka majini, haiingii.

Sasa buluu hiyo inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye wastani.

Kanuni ya kukokotoa gesi inayovuka kati ya bahari na hewa haina siri: unazidisha kasi ya gesi kuvuka uso wa maji, uyeyukaji wake, na tofauti ya shinikizo kati ya maji na hewa. Ile kasi wengi wanaipata kwa kanuni ya mwanasayansi wa bahari Wanninkhof ya 2014, yaani 0.251 mara mraba wa upepo uliopimwa kwenye kimo cha mita 10, kisha marekebisho ya joto kwa namba ya Schmidt, inayolinganisha unato wa maji na wepesi wa gesi kusambaa ndani yake. Jibu linakuja kwa sentimita kwa saa. Acha marekebisho kwanza: upepo wa mita 4 kwa sekunde unatoa 4, wa mita 12 unatoa 36. Upepo mara tatu, gesi mara tisa.

Mtu akija na wastani wa mwezi anasema 4 na 12 wastani wake ni 8, na 8 inatoa 16. Ila wastani wa 4 na 36 ni 20. Sehemu moja ya tano imeshapotea na kemia bado hajaigusa! Nahodha wa jahazi hasafiri kwa upepo wa wastani, na gesi nayo haisafiri hivyo.

Hilo ni dogo. Balaa ni kwamba upepo uleule unaoharakisha gesi ndio unaopandisha maji yenye kaboni. Vinakuja pamoja, na ukitafuta wastani wa kila kimoja peke yake umevitenganisha. Tuchukue namba za mfano: nusu ya muda upepo ni 12 na shinikizo la majini limezidi la angani kwa 20, nusu nyingine upepo ni 4 na la majini limepungukiwa kwa 40. Ukikokotoa kila kipindi kivyake, 144 (mraba wa 12) mara 20 ni 2,880, na 16 (mraba wa 4) mara hasi 40 ni hasi 640. Wastani wake ni 1,120, bahari inatoa. Ukitanguliza wastani unapata 64 (mraba wa 8) mara hasi 10, yaani hasi 640, bahari inanyonya. Data zilezile, ishara imegeuka. Halafu mtu anaipaka buluu na kuipeleka mkutanoni.

Dawa yake si ghali. Chukua upepo wa kila saa au wa kila saa 6, piga mraba kwanza, wastani baadaye, na tofauti ya shinikizo iwe ya kipindi hichohicho. Na tafadhali usichanganye vigezo: ile 0.39 ya kanuni ya zamani ya Wanninkhof, ya mwaka 1992, ilitengenezwa kwa upepo wa wastani wa muda mrefu. Ukiibandika kwenye upepo wa kila saa 6 umeyahesabu mabadiliko ya upepo mara mbili, na jibu linazidi.

Makosa mengine nayataja tu. Hewa ya ukaa ya angani hutajwa kwa hewa kavu, kwa hiyo sehemu 420 kwa milioni ikitajwa kwenye taarifa, juu ya bahari ya nyuzi 28, ni kama mikroatmosfia 405 ukishatoa mvuke wa maji. Maji yakipata joto ndani ya bomba la meli, kila nyuzi moja inapandisha shinikizo kwa asilimia 4 hivi. Na ngozi ya juu kabisa ya bahari ni baridi kidogo kuliko maji yanayovutwa mita 5 chini.

Haya, nikubali: kwa dunia nzima bahari inanyonya, karibu robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa, na kile kigezo cha 0.251 chenyewe kina shaka ya asilimia 20. Lakini jumla ya dunia haikupi ruhusa ya kuipaka Ras Hafun, pwani ya Somalia, rangi ya bahari ya Norwei. (Na mikoko ya Gazi, pwani ya Kenya, ni hesabu nyingine kabisa, kaboni yake iko kwenye miti na tope, msiichanganye humu.)

Kuna pengo ambalo hesabu hailizibi. Miaka ya maharamia meli zilikwepa pwani ya Somalia, na vipimo vya Julai huko ni vya kuhesabu. Modeli inajifunza kwa vipimo vya kwingine, halafu inabuni. Kifaa cha kupima kinafungika kwenye meli ya mizigo ya kawaida: bomba la maji chini ya ubavu, kipimajoto palepale maji yanapoingia, kipimajoto cha pili kwenye chombo cha kusawazishia gesi, na gesi za kusahihishia, ambazo kiwango chake kinajulikana, zinazopita kila baada ya saa chache. Ifungwe kwenye meli ya Mombasa hadi Salalah, Oman, na isafiri Julai. Januari bahari imetulia kuliko Julai na karibu modeli yoyote inapata jibu la kufaa.