Ugenini hakuna anayekuamsha usali

Miaka yote niliyoishi nyumbani sikuwahi kujiuliza kama leo nitasali. Mama alianza kuomba kabla hakujapambazuka, chumba cha pili, na sauti yake ilipenya ukutani. Alitaja majina yetu mmoja mmoja, langu likiwa la tatu. Nikilisikia nilijua zimebaki dakika chache aje kutuamsha kwa ibada. Tuliimba, akasoma aya chache, tukaomba, tukatawanyika.

Huku ugenini hakuna ukuta wenye sauti ya mama. Ninaokaa nao nyumba moja kila mtu ana zamu yake, na zamu ya Jumapili haijali kwamba ni Jumapili. Miezi sita ya kwanza Biblia yangu ilikaa kwenye begi nililokuja nalo. Niliomba ndani ya basi tu, maneno mawili: Bwana, nisaidie. Nilijiambia imani yangu iko palepale, na kwamba kilichopungua ni muda. Nadhani wengi wetu tulioondoka tunajiambia hivyo. Nyumbani sala yangu ilibebwa na wengine, nami nikadhani natembea kwa miguu yangu.

Kilichonirudisha ni barua. Ombi langu la kibali cha kukaa lilikataliwa, na barua yenyewe ilikuwa na kurasa mbili. Niliwaandikia ndugu na marafiki, na siku hiyohiyo watu wanne walinitumia aya moja, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Walinitumia kwa upendo, nami nawashukuru. Lakini usiku ule aya moja haikunitosha. Nikaitoa Biblia kwenye begi nisome sura yote.

Nikakuta kwamba sura ile nayo ni barua. Yeremia aliiandika kutoka Yerusalemu, akawapelekea watu waliohamishwa Babeli. Nilikuwa nimekaa mezani na barua mbili, moja ya kunikataa na nyingine ya kuwatuliza watu waliokuwa mbali na kwao kama mimi. Sura inayotangulia inamtaja Hanania, nabii aliyewatangazia watu kwamba ndani ya miaka 2 tu kila kitu kitarudi. Yeremia alimpinga. Yeye aliwaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji waliopelekwa, kwa sababu miaka itakuwa 70. Ahadi ya tumaini inafuata baada ya hesabu hiyo, aya ya 11 ikiifuata ya 10.

Hapo ndipo nina neno la kusema, na nalisema kwa heshima. Tunapenda sana tumaini la Hanania, nyumbani na ugenini pia. Tunaombeana mambo yafunguke mwezi huu, tunatumiana aya iliyokatwa shingo na miguu, na yasipofunguka mtu anabaki akidhani Mungu amemwacha au yeye hana imani. Tumaini la Yeremia lina subira ndani yake. Linamwambia mtu apande mti ambao huenda matunda yake yataliwa na mwanawe. Mimi lilinishika kwa sababu halikunidanganya kuhusu muda.

Tangu wakati huo nina robo saa yangu, saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya zamu. Nasoma kwanza, ndipo naomba. Mpangilio huo nimejifunza kwa Danieli. Sura ya 9 inasema alikuwa akivisoma vitabu, akafahamu ile hesabu ya miaka 70 aliyoisema Yeremia, kisha akamwelekezea Mungu uso wake kwa maombi. Fikiria mzee huyo, amekaa Babeli zaidi ya miaka 60, bado anasoma kilichoandikiwa watu wake. Na ilipotolewa amri ya kuzuia maombi, sura ya 6 inasema alipiga magoti mara tatu kila siku "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Hatari ilimkuta akiwa na desturi tayari. Mimi ilinikuta sina.

Nasoma kwa Kiswahili, Biblia ile ya mwaka 1952 iliyokuwa mikononi mwa mama. Kanisani huku naelewa kila neno la mahubiri, lakini sijaweza kulia mbele za Mungu kwa lugha yao. Aya inayonigusa naiandika kwenye daftari kwa mkono, polepole, halafu namwomba Mungu kwa maneno ya aya hiyohiyo.

Kuhusu mwongozo, sijawahi kusikia sauti. Nilichopata ni aya ya 7, ile ya kuuombea mji. Niliona ugumu, maana mji wenyewe ulikuwa umenikataa kwa maandishi. Nikaanza na mtu mmoja, mzee wa mlango wa pili ambaye hatukuwahi kusalimiana. Ukimwombea mtu kila alfajiri huwezi kumpita kwenye ngazi kama hujamwona. Nikamsalimu. Baada ya wiki kadhaa akaniuliza mbona nina mawazo, nikamweleza, naye akanielekeza kwa watu wanaowasaidia wageni bila malipo kuandika rufaa. Rufaa ilichukua miezi kumi na mmoja. Katika miezi hiyo yote nilisoma kila siku, na siku nyingine nilisoma bila kuhisi chochote.

Wapo wanaosema ugenini ndiko imani inakokomaa. Sikubaliani nao kabisa. Nilipougua homa kali hakuna aliyeniwekea mkono kichwani akaomba, na siku zile tatu nilijua kitu ambacho kusoma peke yangu hakuwezi kunipa. Huku nimejifunza kufungua Neno mwenyewe, lakini kubebana ni kwa nyumbani, na bado nahitaji kubebwa. Danieli naye alifungua madirisha yaliyoelekea Yerusalemu.

Kwa hiyo tumekubaliana na mama. Kila Jumamosi nampigia simu, tunasoma sura moja kwa zamu, yeye aya moja na mimi aya moja. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo sehemu kubwa sasa nasoma mimi. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Danieli 9. Aliniomba niirudie aya ya pili, kisha akaanza kuomba, akataja majina yetu mmoja mmoja, nami nikasubiri la tatu.